Teke la Pili

Lubumbashi, Jumatano, tarehe 22 Oktoba. Joto limeanza kabla ya jua. Mawingu mazito upande wa Kasapa, upepo unaleta vumbi jekundu mpaka ndani ya vikombe, na mvua bado inatudanganya.

Mdogo wangu Banza,

Watu wote wamekwisha kukuandikia, mimi tu nilikuwa bado. Wamekuandikia kwenye simu, wamekuzungumzia kwenye redio, na ukutani kwetu hapa Hewa Bora wamekuandikia kwa makaa, kwa jina lako la mpira: NYUNDO MUUAJI. Kesho yake mwingine akaja na rangi, akafuta neno la pili, akaandika MFALME. Mama hasomi ukuta. Anapita ameinamisha kichwa, anakwenda sokoni, anarudi.

Nilikuwa nimesema sitaandika. Lakini Jumapili watu wako wa huko Ulaya walitoa tamko. Linasema unasikitika. Linasema uliondoka nyumbani ukiwa mtoto, kwamba hukujua mila ya mazishi ya kwetu, kwamba uliona mzee usiyemfahamu akimtukana baba yako mbele ya jeneza, ukapandwa na hasira. Mpaka hapo ni kweli, na ningeapa hata kanisani. Kisha linamaliza hivi: "Hakuna mtu wa familia aliyemwonya."

Banza, mimi ni mtu wa familia. Tamko lako limesomwa na watu wote, basi na barua hii ninaiacha wazi, asomaye asome.

Unakumbuka kiwanja cha kando ya reli? Ulikuwa na miaka minane au tisa. Mpira ulikuwa wa mifuko ya plastiki iliyokazwa kwa vipande vya mpira wa baiskeli, na shati lako lilikuwa la shule, nimekushonea namba mgongoni kwa uzi mwekundu kwa sababu uzi mwingine haukuwapo. Kijana mmoja wa barabara ya juu, Zeka, mkubwa kuliko wewe, alikushika shati hilo namba ikachanika. Ukageuka ukamgonga kwa kipaji cha uso mdomoni. Nilisikia mlio nikiwa upande wa pili wa kiwanja. Zeka alikaa chini ameshika mdomo, damu inapita katikati ya vidole vyake, na wewe ulikuwa umesimama na kipande cha jino kimeingia kwenye ngozi juu ya nyusi.

Kulikuwa na wanaume wanakunywa pembeni. Walikubeba juu mabegani. "Nyundo! Nyundo! Angalieni kichwa ya ule mutoto!" Hapo ndipo jina lako lilipozaliwa, si Ulaya. Ulifika nyumbani juu ya mabega ya walevi, damu imekuingia machoni, na ulikuwa unacheka.

Papa, baba yetu, alikuwa anatoka kazini, kwenye karakana ya mabehewa. Alikushusha chini. Akafungua mkanda wake, ule wa ngozi wa reli, akakupiga mpaka mama akamshika mkono. Sisifu mkanda ule; mpaka leo nikiona mkanda umening'inia mlangoni ninauondoa. Lakini mkanda si jambo ninalotaka ukumbuke. Kumbuka kilichofuata. Alikukamata sikio, akakupeleka kwa kina Zeka, mimi nyuma yenu, akakukalisha chini katikati ya ua wao.

"Ukae pale," alikuambia. "Mama huyu akutukane. Akichoka, njo utaamuka."

Mama Zeka alikutukana! Alianza na kichwa chako, akaenda kwenye masikio, akapanda kwa babu, akashuka kwa watoto ambao hujawazaa. Alikumwagia maji ya kuoshea vyombo. Majirani walipanda juu ya matofali kuangalia. Na wewe ulikaa. Mikojo ilikutoka, lakini ulikaa. Giza lilipoingia yule mama aliishiwa na maneno. Alikuangalia, akaingia jikoni, akatoka na hindi la kuchoma, akalivunja katikati: nusu kwako, nusu kwa Zeka mwenye mdomo uliovimba.

Njiani ulinishika mkono, mimi dada yako mkubwa. "Yaya, alinitukana mingi," ulisema, "lakini mwisho alinipa muhindi."

Siku hiyo ulikuwa mtu mzima kuliko ulivyo leo. Ndiyo maana ninaianza barua hapa, si kwenye jeneza.

Baada ya miaka michache walikuja wale mabwana wenye gari, wakakupeleka kwenye shule ya mpira. Tangu hapo nyumba yote iligeuka kuwa mlinzi wa mguu wako wa kushoto. Bibi alipokufa, Papa alisema, "Musimwambie, iko na match." Shangazi alipokufa, kocha wako ndiye aliyesema usiambiwe. Ukaenda Ulaya, na kila kilio tulikificha kama watu wanavyowaficha watoto sindano. Umefika miaka ishirini na sita bila kuona jeneza la mtu wako hata moja, na la kwanza likawa la baba. Hilo nimewaambia wote wanaokutukana mbele yangu. Nitaendelea kuwaambia.

Na wao pia wana lao la kujibu. Nakumbuka usiku ule ulipomvunja mguu beki wa watu. Tulikuwa tunaangalia kwenye baa ya jirani, runinga kubwa, chupa zimejaa mezani. Mfupa ulitokeza kwenye soksi. Walirudia picha mara nyingi, polepole, na kila mara mfupa ulipotokeza baa nzima ilipiga chupa mezani: "Nyun-do! Nyun-do!" Hapakuwa na aliyesema hujakomaa, kama wanavyosema leo. Papa peke yake alisimama. Alivaa kofia yake ya reli akasema, "Ule mutoto pale chini, naye iko na mama," akatoka nje.

Kesho yake kinyozi wetu alichora nyundo mlangoni. Baadaye likaja lile bango la viatu pale kwenye mzunguko wa barabara, umekunja uso, umeshika nyundo ya kweli mkononi. Watoto wa Kampemba wakaanza kukunja uso kama wewe wanapopiga picha. Walikulipa ukunje uso, Banza, na wewe ukasahau kuukunjua.

Sasa siku ya mazishi.

Naandika pia kwa ajili ya wasiojua kwetu. Upande wa baba sisi ni watu wa ukoo wa Mbuzi. Watani wetu wa mazishi, wale tunaowaita banungwe, ni watu wa Chui. Kwao na kwetu, mmoja akifa ni wale wengine wanaochimba kaburi, wanaobeba jeneza, wanaolishusha. Na tangu anapokata roho mpaka matanga yanapoondolewa, wana ruhusa ya kumtukana maiti na watu wake, kuiga mwendo wake, kumwambia aamke aache uvivu. Hawakasirikiwi. Mwenye kukasirika ndiye mwenye kosa. Ni wao wanaotufanya tuvuke, kwa sababu mtu hawezi kulia siku tatu bila kucheka kidogo, atapasuka.

Mtani mkubwa wa Papa alikuwa Mzee Kabwe. Walifanya kazi pamoja kwenye mabehewa miaka yote. Ni yeye aliyekuja wa kwanza Papa alipofumba macho, ni yeye aliyemwosha, na ni yeye aliyetuma vijana wa Chui makaburini tangu alfajiri na majembe yao.

Wewe ulifika asubuhi hiyo hiyo kutoka uwanja wa ndege. Miwani myeusi, walinzi wawili, na yule kijana wako wa kupiga picha. Barabara yote ilijaa mashabiki. Wengine walipanda juu ya ukuta, mguu mmoja ndani ya kilio, mguu mmoja nje. Uliingia, ukasimama mbele ya jeneza, na mkono wako ukashika ubao. Niliona vidole vyako vinavyoung'ang'ania. Nilitaka kuja. Ningefika kwako kama watu wasingekuwa wengi hivyo.

Ndipo Mzee Kabwe alipotoka nyuma ya nyumba. Alikuwa amevaa kofia ya Papa kinyumenyume, na juu ya koti lake jezi yenye namba yako. Alichechemea kama Papa alivyochechemea. Aligonga jeneza kwa fimbo.

"Amuka, muivi wa makala! Behewa inaenda bila weye!" Watu wakaanza kucheka (makala kwetu ni makaa). "Bana Mbuzi, mufunge hii sanduku kamba nguvu. Mubuzi huyu tunamujua, atatoroka tena aende kwa wabibi!"

Mama alicheka. Tangu Papa alipofariki mama alikuwa hajatoa sauti, wala ya kulia, tulikuwa tunaogopa. Alicheka mpaka kitambaa kikamtoka kichwani, na katikati ya kicheko machozi yakaja. Hivyo ndivyo inavyotakiwa. Hiyo ndiyo kazi ya Mzee Kabwe.

Kisha akakugeukia wewe. "Na huyu mutoto wake! Munamuona? Hata upepo inamuangusha!" Akapuliza hewani, akajitupa chini mbele yako, akashika goti, akabiringika kwenye vumbi. "Arbitre! Penalti! Mama, banaua mwana wako! Penalti!"

Alikuiga vizuri, Banza, mpaka kumwita refa. Hata walinzi wako walicheka.

Ulimpiga teke la uso. Kwa mguu ule ule, wa kushoto, kiatu cha ngozi. Niliusikia tena mlio ule wa kiwanjani. Kichwa chake kilirudi nyuma kikagonga mguu wa meza ya jeneza. Na watu, nisikilize vizuri, watu wakaendelea kucheka. Alikuwa anaigiza kuanguka, sasa alikuwa ameanguka, na hakuna aliyeona tofauti. Kofia ya Papa ilikwenda mpaka kwenye miguu ya wapishi. Juu ya ukuta walipaza sauti: "Nyun-do! Nyun-do!" Damu ilikuwa imekwisha kujaa kwenye jezi yenye jina lako, na wao wanaimba.

Teke hilo ninakutetea. Hukujua. Ulikuwa na baba maiti mkononi, mtu usiyemkumbuka anamwita mwizi, mama yako kichwa wazi analia. Nani hangeinua mguu? Nimelitetea kazini, kanisani, bombani.

Lakini nilikuwa nimefika. Nilikushika mkono kwa mikono yangu miwili. Sikukuita kwa mbali, nilikusemea sikioni: "Banza, acha! Ni munungwe wetu. Ni rafiki ya Papa. Ni mila!" Ulitoa miwani. Uliniangalia machoni, na macho yako yalikuwa safi, yalikuwa yale niliyoyaosha damu siku ya Zeka.

Ukasema, "Hata kama."

Ukajing'oa mikononi mwangu, ukampiga la pili. Hili lilimpata juu ya jicho, na wakati huu hakuna aliyecheka.

Mengine huyajui kwa sababu hukuyaona. Walinzi walikuvuta garini. Gari lako lilirudi nyuma kwa kasi likapita juu ya mafiga, likapindua sufuria ya maharage na ile kubwa ya bukari, ugali wa matanga, na mwanamke mmoja akaungua miguu yote miwili. Djo, mtoto wa kwanza wa Mzee Kabwe, alikuja na chuma. Vijana wa Chui walikuja na mawe. Mashabiki wako walivunja chupa barabarani, wakasema hakuna atakayegusa nyumba ya Nyundo. Walipigana langoni kwetu, Banza, Papa akiwa katikati. Geti lilianguka. Niliona mtu anang'atwa sikio. Niliona kijana wa miaka kumi na tano amevaa uso wako wa kwenye bango anampiga mtu aliyekwisha kuanguka. Mama alilala juu ya jeneza, mikono ameitandaza, na jiwe moja lilipita juu ya mgongo wake likaacha shimo kwenye kifuniko. Papa amezikwa na shimo hilo.

Habari ilifika makaburini kwa simu. Vijana wa Chui waliokuwa ndani ya kaburi walitoka, wakatupa majembe nje ya uzio, wakaondoka. Ndipo mashabiki wako wakajitolea kuchimba. Hawajui kuchimba. Walichimba huku wanaimba, na tulipofika jioni na jeneza, kaburi lilikuwa fupi. Kamba zilikwisha kushuka, jeneza limekwama, kichwa chini, miguu juu. Mjomba aliingia na jembe akakata udongo kandokando, na mara mbili jembe lilipiga ubao. Kila lilipopiga, mama aliguna kama aliyepigwa yeye.

"Banza iko wapi?" aliuliza. Mara moja tu.

Tangu siku hiyo mji mzima unabishana juu yako. Dukani ninakofanya kazi, kwenye stoo ya misumari na simenti, sipati mteja asiye na maoni. Mama Sifa anayeuza vitambaa jirani yetu alisema jana, "Muache ule mutoto. Pesa ilimufikia mbele ya akili." Mwanafunzi mmoja wa chuo kikuu, kule Kasapa, aliyekuja kununua kufuli akamjibu, "Mama, analipwa apige mpira. Kama batu banataka mufano, baende ku padri." Na fundi mmoja nyuma yao: "Mbona benyewe banamupigia makofi? Leo njo banajua iko mubaya?"

Wakanigeukia mimi, kwa sababu wanajua mimi ni nani. Sikujibu pale. Najibu hapa.

Mwanafunzi anakosea. Mpira ulikulipa kwa uso wako pia, na uso huo umetundikwa kwenye barabara ambazo watoto wanapita kwenda shule. Uliuza uso, usiseme sasa kwamba ulikuwa unauza mguu peke yake.

Fundi anasema kweli, lakini ukweli wake haukuokoi. Ni kweli waliopiga chupa mezani kwa ajili ya mfupa wa yule beki hawana mdomo wa kukulaumu kwa jicho la Mzee Kabwe. Basi wanyamaze wao. Lawama haifutiki kwa sababu mlaumu ni mnafiki. Inatafuta tu mtu mwingine wa kuibeba.

Na Mama Sifa, anayekupenda, ndiye anayekuumiza zaidi. "Ni mutoto." Watu wako wa Ulaya nao wanasema hivyo, kwa Kifaransa kizuri. Walipokuchukua ulikuwa mtoto uliyeweza kukaa chini uani kwa watu, umelowa maji ya vyombo, ukangoja mama wa mwenzako achoke. Ni wao waliokurudisha nyuma. Mtu wa kukuambia "umekosea" alitolewa chumbani, wakabaki wa kukuimba na wa kukutukana nje ya dirisha, na wote wawili hawakujui. Mtani anakujua. Anakutukana akiwa amekuoshea baba. Mtu asiye na mtani hakui, anaongezeka umri tu.

Leo saa ya chakula yule bwana anayesimamia mambo yako alinipigia. Mpole sana. "Madame, mkataba mpya uko mezani. Tunaomba tu uandike kwamba siku ile ulikuwa jikoni, haukuona kitu." Nikamwambia nilikuwa nimemshika mkono mdogo wangu, nitakuwaje jikoni. Akasema, "Fikiria mama yako na maisha yake." Nikasema, "Mwambie Banza anipigie mwenyewe." Akasema unapumzika.

Sitaandika, Banza. Na usidhani ni chuki. Nikiandika kwamba sikukuonya, nitakuwa nimesema kwamba kwenye ua ule wa kilio hukuwa na dada.

Alasiri nilikwenda kwa Mzee Kabwe. Mkewe, Mama Feza, alikuwa anafua. Aliniona, akamwaga maji ya sabuni kwenye miguu yangu, hakusalimu. Nikaingia na viatu vilivyolowa. Mzee amekaa kwenye kiti, taya limefungwa kwa waya, jicho la kushoto limekwisha. Daktari amesema halitarudi. Anaongea bila kufungua meno.

"Mwana Mbuzi," aliniambia, "umekuya kunimaliza?"

Mila ni mila. Nikajibu, "Nilikuya kuangalia kama Chui angali na meno."

"Ilibakia mbili. Moja ya bukari, moja ya kukuuma weye."

Tulicheka. Alishika taya kwa maumivu, akaendelea kucheka kwa mabega. Mama Feza nje aliacha kufua, akasikiliza.

Nikamwuliza ukweli wa yale watu wanayosema, kwamba atakwenda polisi, kwamba kuna wakili amemfuata. Alitikisa kichwa polepole. "Chui hamushitaki Mubuzi," alisema. "Chui anamungojea pa maji."

Kisha akanieleza, kwa shida, neno moja moja. Jumamosi ijayo tunaondoa matanga ya Papa. Bila watani hayaondoki. Mama atabaki na kitambaa cheusi kichwani, na nyumba yetu itabaki nyumba ya kilio. Yeye atakuja. Atavaa kofia ile ile. Atamtukana Papa mpaka aridhike huko aliko. Lakini sharti ni moja: aliyempiga mtani akae chini mbele ya watu wa Chui, apokee matusi yao. Asipokaa, utani wa nyumba hizi mbili umekufa. Mama akifa, watamzika mashabiki, kwenye kaburi fupi. Mimi nikifa vilevile. Na wewe, Banza, siku yako ikifika na mpira umekwisha kukusahau, nani atakuosha? Mlinzi?

"Umwambie," alisema mzee, "penalti yangu haiyapigwa."

Nilipotoka, Djo alikuwa ameegemea mlango. Anatengeneza magari hapo nje, mkononi alikuwa na chuma. Sijui kama ni kile kile. Nilimwambia labda utakuja Jumamosi. Hakuniangalia. "Akuye," alisema. "Akuye tu."

Basi njoo.

Njoo bila miwani, bila walinzi, bila yule kijana wa picha. Pita mlango wa nyuma, upande wa choo, ule uliokuwa unapita ukichelewa kutoka kiwanjani. Utaona pale mahali alipoangukia mzee. Tumeosha kwa majivu, tumefagia, lakini udongo umebaki mweusi na kuku wanapenda kupachakura. Ukae hapo. Watakutukana, na hawatakuwa wapole kama wale wa kwenye simu, kwa sababu hawa wanajua ulikojoa kitandani mpaka lini. Watamtaja Papa na makala yake ya wizi. Ni kweli aliiba makala, Banza, kwenye mabehewa, na ndiyo tuliyopikia. Watautaja mguu wako. Mama Feza atakumwagia maji. Ukiweza kucheka, ucheke. Usipoweza, kaa tu, kama siku ile kwa kina Zeka, mpaka achoke.

Nimekukumbuka. Nikishona kitu chekundu ninakukumbuka. Nikipita kwenye mzunguko naona bango lako, na najizuia nisilipande nikukunjue uso kwa vidole vyangu. Lakini nisikudanganye kama watu wako wanavyokudanganya. Sijui kama mwisho kutakuwa na hindi la kuchoma. Sijui Djo atakuja na nini mkononi, na siwezi kukuahidi kwamba hawatakupiga. Nitakaa chini nyuma yako, karibu, niweze kufikia sikio lako. Wakikupiga na ukaanguka, uanguke kweli, ubaki chini. Hakuna refa pale wa kumwita. Kuna mama tu, na jicho moja la mzee linakuangalia.

Na nikisema "acha", mara hii uache.

Ni mimi, yaya wako, niliyekuonya.

Saa saba na nusu usiku. Mvua haijanyesha. Mlango wa nyuma nimeujaribu, unafunguka. Nalala.